Nani Akae Nyuma?

Ndugu msomaji, usinicheke. Jumamosi moja ya mwezi Juni nilisimama Mwanjelwa saa nzima na ushee mbele ya vigari viwili vya watoto, vya mtumba, nikashindwa kuchagua. Jua lilishatoka lakini baridi ya Mbeya ilikuwa bado imeng'ang'ania mifupani. Muuzaji, kijana wa rika langu, alikwishanichoka. "Kaka," akaniambia, "unanunua kigari au unaoa?"

Dada yangu anaishi Kihesa, Iringa. Siku 12 kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa amejifungua mapacha, na kwa desturi iliyotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi ikaenea nchi nzima, aliyetangulia akaitwa Kulwa, aliyefuata Doto. Kulwa alizaliwa na kilo 2.7, Doto kilo 2.1. Shemeji akanitumia pesa kwenye simu na maneno machache: nitafute kigari cha mapacha, eti mtumba wa Mbeya una nafuu. Mama, ambaye alishapanda basi kutoka Tukuyu kwenda kulea wajukuu, akamnyang'anya simu. "Kigari cha nini, mwanangu? Migongo imekwenda wapi?"

Kigari cha kwanza kilikuwa na viti viwili ubavu kwa ubavu. Cha pili kilikuwa na kiti kimoja mbele na kingine nyuma, kama viti vya basi. Niliazima futi ya fundi cherehani wa jirani nikapima: kile cha ubavu kwa ubavu kilikuwa na upana wa sentimita 76. Mlango wa dada ni sentimita 70. Cha pili kingepita popote, na breki zake zilishika vizuri, jambo ambalo kwa mtu anayejua milima ya Iringa si dogo. Basi utasema hesabu imekwisha, lipa uende zako.

Nami ningelipa, kama nisingejiuliza swali moja la kijinga: nani akae nyuma?

Wa mbele ataona barabara, kuku, bajaji, watu na dunia yao. Wa nyuma ataona mgongo wa kiti cha ndugu yake. Kilichonishtua si swali, ni jinsi nilivyokuwa nimeshalijibu kabla sijaliuliza. Doto, bila shaka. Kwa nini Doto? Kwa sababu alizaliwa dakika 15 baada ya mwenzake. Jina lenyewe limeshampanga kwenye foleni, nami nikapita nalo tu. Wayoruba wa Nigeria wanafikiri kinyume kabisa: kwao Taiwo hutangulia kutoka, lakini mkubwa ni Kehinde anayefuata, kwa kuwa ndiye aliyemtuma mwenzake kwenda kuichungulia dunia. Dakika ni zile zile, ukubwa umehama. Ina maana ukubwa wa pacha hautoki tumboni. Unatoka kwetu sisi tuliosimama nje tukingoja kuwapanga.

Nikampigia shemeji. Akacheka. "Mapacha ni kitu kimoja bwana, wataelewana." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na watu hulisema kwa upendo, lakini Iringa ni mji ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kulisema. Ni hapo walipomalizia maisha yao Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Ikonda, Makete, mwaka 1996, wakiwa wameungana miili. Mwaka 2017 waliingia chuo kikuu Iringa kusomea ualimu. Tarehe 2 Juni 2018 walifariki usiku mmoja, wakazikwa Tosamaganga. Nchi nzima ilishangaa wanaishije. Lakini hata wao, ambao kuzaliwa kuliwapa mwili wa pamoja wasiouchagua, walikuwa na majina mawili, na hakuna aliyemwita Maria halafu akatosheka akiitikiwa na Consolata. Sembuse hawa wa kwetu, ambao kila mmoja ana miguu yake miwili ya kupigia mateke!

Nikampigia dada mwenyewe.

"Nunua cha kukaa sawa, mdogo wangu."

"Hakipiti mlangoni."

"Kitalala nje."

"Kitaibiwa."

Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, bila hasira, "Wewe hujui kukaa nyuma."

Hapa inanibidi nikueleze kidogo habari za kwetu. Nilizaliwa na kifua kibovu, na Tukuyu, kwa mvua na ubaridi wake, si mahali pa mtoto wa namna hiyo. Mama alinibeba mgongoni mpaka nilipokaribia miaka 3. Dada amenizidi mwaka na nusu tu. Yeye alitembea pembeni, ameshika pindo la kanga. Alijifunza kula mwenyewe, kuvaa mwenyewe, kunyamaza mwenyewe. Nyumbani alisifiwa sana: mtoto huyu hana shida. Nimekua nikiisikia kauli hiyo kama sifa. Siku ile pale Mwanjelwa, huku muuzaji ananikodolea macho, ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza kama deni.

Pamoja na hayo nilinunua cha mbele na nyuma. Mlango ni mlango.

Jumapili kigari kikalala kwenye buti la basi, tukaziacha Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, kilomita mia tatu na kitu, na jioni nikashuka stendi ya Igumbilo. Njia nzima nilikuwa natunga utetezi. Shuleni tumefundishwa kwamba watu wote ni sawa, jambo ambalo Azimio la Arusha liliweka wazi mwaka 1967, nami silipingi. Lakini usawa wa utu ni kitu kimoja, na kugawa kiti, titi au mgongo ni kitu kingine. Aristotle, Mgiriki yule, aliona kwamba haki ya kugawa ni uwiano, kila mtu kwa kadiri ya stahili yake. Vizuri. Sasa mtoto wa siku 13 anastahili nini ambacho mwenzake hastahili? Hajafanya kazi, hajafanya kosa. Hapo Aristotle anashukia Mafinga, tunabaki na mama, ambaye sheria yake ni fupi: anayelia ndiye anayebebwa.

Usiidharau sheria hiyo. Ni ya watu waliolea kweli. Doti ya kanga ina vipande viwili, mama anajifunga kimoja na kubebea mtoto kwa kingine. Hakuna duka linalouza doti ya mapacha. Mwenye mgongo mmoja anahitaji kanuni ya kuamua haraka, na kilio ni kanuni isiyohitaji karatasi. Tena mama alikuwa na sababu ya kushukuru kwamba siku hizi tatizo la mapacha limebaki kuwa mgongo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1957 jinsi uzazi wa mapacha ulivyoogopwa: wazazi walitengwa kwa muda, zikafanywa dawa, na ukoo ukahusishwa ili hatari isisambae. Mama hapendi tuyazungumze hayo. Anasema tu, "Zamani ilikuwa zamani."

Dada alipokiona kigari hakusema kitu. Alizunguka akakiangalia, akalaza kiti cha nyuma kikalala sawasawa kama kitanda, akajaribu cha mbele kikagoma. Mtoto mchanga hawezi kuketishwa, shingo haijakomaa. Anahitaji kulala chali. Maana yake nilikuwa nimenunua kigari cha mapacha kinachoweza kubeba mtoto mmoja. "Hongera," akaniambia.

Jumatatu tukaenda kliniki kupima. Kulwa alikuwa amepanda. Doto, siku ya 14, alikuwa na kilo 1.9. Hakuwa amerudia hata uzito aliozaliwa nao.

Nesi akauliza, "Huyu analia?"

"Halii, huyu," dada akajibu. "Huyu mtulivu sana, hana shida."

Nilimwangalia dada. Nadhani naye alijisikia, maana alishika mdomo. Sauti ilikuwa ya mama kabisa.

Nesi hakujua habari zetu. Alisema tu kwamba mtoto mdogo asiyelia si lazima awe mtulivu, pengine hana nguvu ya kulia. Aamshwe kila baada ya saa 2 au 3 anyonye, asingojewe. Na awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Kangaruu, ndivyo wanavyoita. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa haina mashine za joto za kutosha. Yaani, ndugu msomaji, uhaba ndio uliowarudisha madaktari kwenye kifua cha mama.

Siku ile sheria zote mbili zilianguka mbele yangu. Sheria ya mama ilimhudumia mwenye nguvu za kudai. Sheria ya dada, ya usawa, alikuwa akiitekeleza kwa simu mkononi: dakika 15 Kulwa, dakika 15 Doto, bila upendeleo. Lakini Doto alikuwa akisinzia dakika ya 4, na zile 11 zilizobaki alipewa titi, hakupewa maziwa. Dakika sawa, matumbo si sawa. Hata ukisema tugawe kwa mahitaji, kama wengi wetu vijana tupendavyo kusema tukiwa kijiweni, bado unamngoja mhitaji aje aseme. Doto asingesema. Ilihitajika mizani, na mtu wa kuitazama.

Basi Doto akakaa kifuani, ndani ya kanga na sweta, na Kulwa akalazwa kwenye kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kilibeba nepi, na siku nyingine kilo 5 za unga. Nilichokiogopa Mwanjelwa kilikuwa kimetokea kwa mtu mwingine: aliyekaa nyuma ni mkubwa, mwenye afya, asiye na shida. Naye alilia kweli kweli. Hakubebwa.

Usiku wa tatu nilimkuta dada amekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, Doto kifuani, mguu mmoja unasukuma kigari mbele na nyuma kumbembeleza Kulwa. Mama alikuwa anachochea uji. Dada akasema, kana kwamba anaongea na moto, "Namfanyia Kulwa nilivyofanyiwa mimi."

Mama hakuacha kukoroga. Baada ya muda akajibu, "Mgongo nilikuwa nao mmoja, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini shingo ilikuwa inageuka."

Mimi niliyebebwa sikuwa na la kusema. Mama aliuepua uji, akaja, akamwinua Kulwa kutoka kwenye kigari, akamfunga mgongoni. Kisha akakaa upande wa dada ambako wangeweza kuonana.

Nilirudi Kihesa mwezi Desemba. Sasa wote wawili wanaweza kukaa, na kigari kinafanya kazi kiliyonunuliwa. Utaratibu wao ni huu: wakishuka, mmoja mbele; wakifika kwenye mashine ya kusaga, wanabadilishana. Tulipofika pale dada akafunga breki.

"Jana nani alianza mbele?"

Mama hakumbuki. Mimi sikuwepo. Doto akaanza kupiga kelele, kwa sauti ya mtoto wa kilo 6 na zaidi ambaye hajawahi kusikia kwamba aliwahi kuwa mtulivu. Dada akacheka, akachuchumaa pembeni ya kigari. Kwanza alimwangalia Kulwa.