Salama ya Desemba

Saa ya Kiswahili hufuata jua: likishachomoza huwa saa moja, na likizama ni saa kumi na mbili. Hesabu hiyo haimsumbui mtu wa Unguja, kwa kuwa huko mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Glasgow huivuruga. Katika siku fupi za Desemba jua la huko huchomoza yapata saa tatu kasoro robo asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi, wakati ambao Unguja watu ndiyo kwanza wametoka kusali alasiri. Mhamiaji huingia kazini gizani, akatoka gizani.

Akitaka kuwaeleza watu wa nyumbani, kamusi humpa neno kipupwe. Lakini kipupwe cha pwani ni upepo mwanana wa Juni hadi Agosti, majira ya usingizi mtamu. Anayelisikia neno hilo huwaza shuka ya pili. Haliwezi kubeba unyong'onyevu wa mtu anayelala saa kumi na bado akaamka amechoka, asiyetamani chakula cha maana wala maongezi. Hali hiyo ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake, kuwa ni sonona inayorejea kila majira ya baridi. Rosenthal mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, na mabadiliko hayo aliyahisi mwilini mwake baada ya kuhamia Marekani.

Sasa mama anauliza kwenye simu: "Hujambo, mwanangu?" Naye anajibu: "Sijambo, mama. Salama tu." Je, amesema uongo?

Kumhukumu hivyo ni haraka mno. Mswahili hujibu "salama" hata akiwa matangani, na hakuna anayemwita mwongo. Jibu hilo ni kizingiti tu. Baada yake huja neno dogo "ila", na humo ndimo habari ilimo: nzuri, ila mtoto hakulala, salama, ila mzee amelazwa. Salama ya kwanza humpa msikilizaji nafasi ya kujiandaa. Kasoro ya salama ya Desemba ni kwamba simu hukatwa kabla ya "ila" kufika.

Mwenye kuficha ana hoja, na si hoja nyepesi. Mama yuko mbali, ana presha, na hawezi kumwongezea mwanawe hata dakika moja ya mchana. Ya nini kumkosesha usingizi? Methali ya mficha maradhi humtisha mtu wa namna hii kwa kifo. Haimwulizi anamficha nani, wala kwa huruma gani.

Hata hivyo huruma hiyo ina kiburi ndani yake. Kila mwezi mhamiaji hutuma fedha za dawa na ada za wadogo zake, na kila mwezi hukataa kupokea chochote. Amejifanya mtoaji asiyedaiwa. Mama aliyezoea kuuguza anageuzwa kuwa mtunzwaji tu: hapewi nafasi ya kumwombea mwanawe dua kwa jambo analolijua, wala ya kumgombeza kwa kula mkate mkavu siku tatu. Kumnyima mzazi kazi hiyo ni kumpunguzia uzazi wake.

Maneno ya mama hayashiki nafasi ya daktari, wala ya taa ya tiba inayowashwa asubuhi, wala ya vitamini D ambayo huduma ya afya ya Uingereza hushauri watu waitumie miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi waifikirie mwaka mzima. Hayo yatafutwe yanakopatikana. Lakini daktari hawezi kusikia "ila" kwa niaba ya mama.

Simu hizi kwa kawaida hupigwa baada ya kazi. Ikiwa saa kumi na mbili jioni Glasgow, Unguja ni saa tatu usiku. Kwenye vioo vya simu madirisha yote mawili ni meusi, na mama hana njia ya kujua kwamba lile la mwanawe limekuwa hivyo tangu alasiri, asipoambiwa.