Gurudumu la Tano

Gari huenda kwa magurudumu manne, lakini salama ya safari imo katika la tano. Yale manne huonekana na kila mpita njia. La tano hufichwa, halisifiwi, na pengine huzeeka bila ya kugusa barabara hata siku moja. Kwa sababu hiyo watu wengi huliona kuwa ni mzigo. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: mtu ana wajibu gani kwa jambo ambalo halijatokea, na ambalo yumkini halitatokea kamwe? Swali hili lina umri mkubwa kuliko gari, lakini mimi nilifundishwa na gari, na somo lenyewe nililipata kwa aibu.

Makazi yangu ni Kikambala, kaskazini ya Mtwapa, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi hupita katikati ya minazi na mashamba, na bahari haiko mbali. Gari langu lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya nchi yetu. Sheria ya Kenya haikubali kuingizwa gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane. Kwa hiyo magari tunayoyapokea ni ya uzazi wa karibu, na mengi ya uzazi huo hayana gurudumu la akiba. Siku niliyoinua sakafu ya buti nilikuta shimo la kina kifupi, na ndani yake chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme. Jeki haikuwamo, wala spana ya kufungulia nati.

Waundaji wa magari wana sababu zao, nazo si za kipuuzi. Gurudumu zima lina uzito, na uzito hula mafuta. Lina bei, na bei humtisha mnunuzi. Tena huchukua nafasi ambayo ingewekwa mizigo. Katika miji yenye barabara laini na mafundi wa kuitwa kwa simu, dereva anaweza kuishi miaka mingi bila ya kulihitaji. Mimi nilizikubali sababu hizo kwa furaha, maana ziliniondolea gharama. Kwa muda wa miaka miwili sikupata pancha hata moja, na kila mwezi uliopita ulinithibitishia kwamba nilikuwa na akili. Hivyo ndivyo bahati inavyomdanganya mtu: humlipa kwa kosa lake mpaka alione kosa kuwa ni busara.

Usiku mmoja wa masika jirani yangu aligonga mlango. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu, naye aliniomba niwafikishe hospitali ya Kilifi, mwendo wa kilometa 30 hivi. Tulitoka watu wanne: jirani, mkewe, mama mkwe wake na mimi. Tukaipita Shariani salama. Tulipokaribia Vipingo, penye mashamba ya mkonge, lori lilitujia kwa kasi katikati ya njia. Nikalipisha, na gurudumu la mbele la kushoto likatoka nje ya lami, likakata ubavu juu ya jiwe kali lililofichwa na maji ya mvua.

Nikaichukua ile chupa nikaifungua. Dawa ya namna ile huweza kuziba tundu la msumari katika uso wa tairi unaokanyaga barabara, lakini haina nguvu ya kushona ubavu uliochanika. Ikatoka nyeupe kama tui, ikamwagika matopeni. Bibi yule mzee aliteremka, akanitazama nikiwa nimechutama mvuani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, gurudumu jingine liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Zamani, kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri aliyekawia angeweza kukilaumu kivuko. Mimi kivuko sikuwa nacho cha kulaumu. Daraja lilikuwa wazi, na mkawiaji nilikuwa mimi.

Baada ya muda ambao niliuona kuwa mrefu kuliko usiku wenyewe, likaja gari la mizigo lililopakia madafu, likielekea Mombasa. Dereva wake akasimama. Alikuwa na gurudumu la akiba, lakini lake lilikuwa na matundu sita na langu matano; halikunifaa. Basi akamkalisha mgonjwa na mama yake mbele, jirani yangu akapanda nyuma juu ya madafu, na gari likageuzwa kurudi Kilifi. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, mzima, na mama yake alisalimika. Mimi nilibaki na gari langu mpaka asubuhi, nikisikiliza mvua katika majani ya mkonge.

Katika kungoja huko nilipiga hesabu. Nilidhani kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimeokoa bei ya gurudumu moja. Hesabu ilinionyesha kwamba bei ile haikuokolewa, ila iliahirishwa, na siku ya kulipwa ililipwa na watu wengine. Mama mjamzito aliilipa kwa hofu na maumivu. Jirani yangu aliilipa kwa fadhaa. Mchuuzi wa madafu aliilipa kwa mafuta yake na kwa soko la asubuhi lililompita. Mimi peke yangu, niliyekuwa na deni, sikulipa kitu. Hapo nikafahamu kwamba mtu asiye na akiba hakosi kutumia akiba. Hutumia ya mwenziwe, tena bila ya kumwomba ruhusa.

Najua kwamba maneno haya yana wapinzani. Mpinzani wa kwanza atasema kwamba kujiwekea tahadhari nyingi ni kukosa tawakali. Nami namwelekeza kwa wazee wetu wa baharini. Manahodha wa majahazi waliokwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi walimtegemea Mungu kila siku, maana chini yao palikuwa na kilindi. Walakini hawakung'oa nanga bila ya kamba ya ziada, na pamba na mafuta ya kukalafatia nyufa. Mkono wao mmoja ulikuwa katika dua na mwingine katika kazi, wala mikono hiyo miwili haikugombana. Mtu anayeacha wajibu wake kisha akataja tawakali humfanya Mungu kuwa mtumishi wa uvivu wake.

Mpinzani wa pili atasema kwamba mtu ni watu, na kwamba msaada wa njiani ni desturi yetu njema. Hili ni kweli, nami ni shahidi. Lakini desturi ya kusaidiana ni kama kisima cha kijiji: hudumu kwa sababu wako wanaokichimbua, si kwa sababu wako wanaochota. Kama kila dereva wa barabara ile angalifikiri kama nilivyofikiri mimi, nani angalimsaidia nani? Msaada ni kwa ajili ya lile lisilozuilika. Anayeutumia kwa lile aliloweza kulizuia humnyang'anya mwenye dhiki ya kweli.

Yafaa vijana wajue kwamba gurudumu la akiba lenyewe lilizaliwa na mateso ya njiani. Baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888 huko Belfast, safari zilipata ulaini, lakini zilipata pia pancha. Dereva wa siku zile alilazimika kuketi ukingoni mwa njia, akaubandua mpira na kuuziba, mvua au jua. Mwaka 1904, Thomas Morris Davies wa mji wa Llanelli, katika Wales, alibuni gurudumu la ziada la kufungwa kwenye gari palipotokea pancha. Lilichukua jina la mtaa wa Stepney katika mji huo, na hata leo watu wa Uhindi huliita gurudumu la akiba kwa jina hilo. Jambo lililochukua werevu wa watu kulipata, mimi nilikuwa nimelitupa kwa kutojali.

Basi nikaenda kutafuta gurudumu langu. Kazi hiyo ilinifunza kwamba akiba haipatikani kwa pupa. Gurudumu lolote halitoshi. Hapana budi idadi ya matundu ya nati na nafasi iliyo kati yake vilingane na vya gari. Tundu la katikati likubali kuingia. Na urefu wa gurudumu kutoka ukingo hadi ukingo ufanane na wa mengine. Ubavuni mwa tairi zimeandikwa tarakimu, kama 195/65 R15: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipimo cha chuma cha ndani kwa inchi. Ziko pia tarakimu nne za siku ya kuzaliwa kwake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji mmoja alinionyesha tairi lenye kung'aa, meno yake yakiwa mazima, lakini tarakimu zilishuhudia kwamba lilikuwa na umri wa miaka 14. Mpira huzeeka hata usipotumika. Nikaliacha, nikanunua jingine lisilopendeza sana lakini changa, pamoja na jeki na spana.

Kulipata ni nusu ya kazi. Kulitunza ni nusu iliyosalia, nayo ndiyo ngumu, kwa sababu haina mwisho. Adui wa mpira ni jua, joto na mafuta, na hapa pwani chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya. Wako wenye magari ya mizigo ambao gurudumu lao hukaa chini ya gari miaka mingi. Siku ya haja hukuta mnyororo umeshikwa na kutu, nalo halishuki. Langu nililitia katika gunia safi, nikalilaza ndani ya buti na kulifunga kwa mkanda ili lisiruke gari likigongwa. Kila mwisho wa mwezi nalipima upepo. Gurudumu la akiba lisilo na upepo ni baya kuliko kutokuwa nalo kabisa, kwani asiye nalo hujua kwamba hana.

Mama wa Kimijikenda alikuwa na elimu hii kabla ya gari kuonekana. Mahindi ya mbegu aliyaweka uchagani, juu ya meko, ili moshi wa kila siku uyalinde na wadudu. Akiba yake ilihifadhiwa na moto uleule uliopika chakula cha leo. Hakuiweka akaisahau, aliishi nayo.

Hata hivyo akiba nayo ina mpaka. Mwenye magurudumu kumi chumbani, hali jirani yake hana hata moja, hana tahadhari bali ana uchoyo. Alama ya kutenga mambo hayo mawili ni hii: mwenye akiba hujiandaa ili asimlemee mtu na ili aweze kumfaa mtu, mchoyo hujilimbikizia ili asimhitaji mtu wala asihitajiwe na mtu. Yule mchuuzi wa madafu hakuwa tajiri, ila alikuwa tayari, na utayari wake ulitosha kwa watu wanne.

Nanyi vijana mnaosoma, wengi wenu hamna gari. Lakini kila mmoja ana safari, na hawezi kujua ni nani atakayepanda pamoja naye. Somo lililofahamika kabla ya mtihani, fedha kidogo iliyowekwa, ufundi wa mkono uliojifunzwa wakati hauhitajiki, na ahadi inayokumbukwa kabla ya kudaiwa, vyote hivi ni magurudumu ya tano. Yatafuteni mchana, wakati njia ni kavu, kisha myapime upepo kila mwezi. Siku moja mtu mwenye haki ya kuuliza atawauliza, "Mwanangu, gurudumu jingine liko wapi?" Nawaombeeni muwe na jibu.