Kufutu Bila ya Ilimu Katika Usafi wa Nyumba



Limetufikia swali kutoka kwa bibi mmoja wa hapa Mombasa, na tumeona tulijibu hadharani, kwani yaliyomfika yeye yaweza kumfika yeyote aliye na simu mkononi. Bibi huyu aliletewa katika kundi la jamaa zake la WhatsApp video yenye kufundisha namna ya kung'arisha choo na kuta za bafu kwa kuchanganya Jik, dawa ya choo na maji ya ndimu. Ikampendeza, akaituma kwa binti wa dadake aliyeolewa Nairobi, naye akaa katika nyumba ya ghorofa huko Upper Hill. Ilikuwa ni siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ambao wanawake wetu hawaachi pembe ya nyumba bila ya kuisugua. Binti akafanya kama alivyofundishwa, akafunga mlango wa bafu ili dawa ikolee, na hazikupita dakika nyingi kifua kikambana, macho yakamwaka moto, akaanguka. Lau si mtumishi kusikia kishindo na kumvuta nje, leo tungalikuwa twaandika tanzia. Alilazwa siku kadhaa, na hata sasa akipanda ngazi pumzi humkatika. Mamake mdogo auliza mambo mawili: Je, ana dhambi? Na je, yampasa kulipa gharama za matibabu?

Kabla ya jawabu hapana budi tueleze kilichotokea ndani ya bafu lile, maana wengi wetu twadhani kwamba dawa mbili nzuri zikikutana huzidi uzuri. Sivyo. Jik na mfano wake ni maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Dawa za choo nyingi ndani yake mna asidi, na ndimu na siki nazo ni asidi. Asidi ikikutana na Jik huitoa klorini katika maji ikawa hewa, na hewa hiyo ni sumu. Ndiyo hiyo hiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia maadui wake karibu na mji wa Ypres, huko Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na miongoni mwa waliopigwa nayo walikuwamo askari wa Algeria, ndugu zetu Waislamu waliopelekwa kupigana vita visivyokuwa vyao. Silaha ile watu leo waitengeneza kwa mikono yao, katika ndoo, huku bismillahi midomoni. Kadhalika Jik ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoka hewa nyingine ya sumu. Na amonia haimo katika chupa za dukani tu, bali hupatikana pia katika mkojo uliolala. Kwa hivyo choo kichafu humwagiwa maji mengi kwanza, ndipo kitiwe dawa.

Tena hewa ya klorini ni nzito kuliko hewa tunayovuta, yapata mara mbili na nusu, basi hushuka na kutanda chini. Mtoto atambaaye huivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama. Nyumba zetu za zamani za Mji wa Kale zilikuwa na kiwanda katikati kilicho wazi juu, na upepo ukipita. Lakini bafu la nyumba za ghorofa mara nyingi ni chumba kama sanduku, kidirisha chake hakipitishi hata kichwa cha paka.

Si kila shauri la namna hii lenye kuua. Liko jingine ambalo ni upuuzi mtupu, kama lile la kuchanganya siki na baikaboneti, ile soda ya unga ya wapishi. Povu hupanda, macho yakafurahi, na mwenye video akapata wafuasi. Na hali kila kimoja kimekwisha kuvunja nguvu za mwenziwe, hata yakabaki maji yenye chumvi kidogo. Anayesafisha kwa maji hayo hadhuriki ila kwa bei ya siki. Lakini huyo aliyezoea kuamini povu ndiye atakayeamini Jik na ndimu kesho.

Lililotusikitisha zaidi ni mahali lilipotokea jambo hili. Sisi watu wa pwani wengi wetu twaijua Upper Hill kwa sababu moja, nayo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako hupeleka wagonjwa wetu walioshindikana huku. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na jina la Kenyatta mwaka 1964. Kandokando yake husomeshwa madaktari na wafamasia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na pana chuo kikubwa cha kufundishia watumishi wa afya. Sheria ya Famasia na Sumu imekuwako nchini tangu mwaka 1957, wala mtu haruhusiwi kufungua duka la dawa ila kwa idhini. Basi mtazameni mtu akaaye katikati ya ilimu yote hiyo, ambaye lau angalishuka ngazi na kuuliza angalipata wa kumjibu, naye akachukua shauri la kijana asiyejulikana jina lake, wala mji wake, wala alichokisoma.

Wanazuoni wetu wa Hadithi hawakukubali neno kwa sababu ya uzuri wake. Waliuliza: Nani amekwambia? Naye aliambiwa na nani? Kila mtu katika silsila hiyo akapimwa ukweli wake na hifadhi yake, na akionekana mmoja asiyejulikana, riwaya nzima ikawekwa kando. Sasa itazameni silsila ya video hii. Bibi aliipata kwa shoga yake, shoga kwa mkewe ndugu yake, naye kwa kundi la wazazi wa skuli, na huko hapana ajuaye ilikotoka. Hata WhatsApp wenyewe huandika juu ya ujumbe kama huo kwamba umetumwa mara nyingi, na mwezi wa Aprili 2020 walipunguza ujumbe wa aina hiyo usitumwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Wao waliogopa, sisi twaliona neno lile "mara nyingi" kuwa ni sifa! Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba yatosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia.

Wala msidhani kwamba maradhi haya ni ya wanawake wa nyumbani peke yao. Katika mwezi huo huo wa Aprili 2020, korona ilipokuwa imetanda, Gavana wa Nairobi wa wakati ule, Bwana Mike Sonko, alitangaza kwamba vikapu vya chakula vya maskini vitatiwa chupa ndogo za Hennessy kuwa ni dawa ya kusafishia koo. Waliotengeneza ulevi huo wenyewe wakatoka kusema kwamba kinywaji chao hakimkingi mtu na maradhi hayo. Katika nchi ya Iran, mamia ya watu walikufa mwaka huo kwa kunywa spiriti yenye sumu, wakiwamo walioambiwa kwamba yaponya. Na Marekani, penye vyuo na maabara zisizohesabika, uchunguzi wa idara yao ya afya kwa watu wazima 502 mwezi wa Mei 2020 ulionyesha kwamba watu 39 katika kila 100 walizitumia dawa za kusafishia kwa njia za hatari, wengine wakiosha vyakula kwa Jik, na wachache hata wakisukutua nayo. Hofu ikiingia mlangoni, akili hutokea dirishani.

Huenda mwenye kusema akasema: "Lakini usafi ni katika imani, na sisi twataka tahara." Hili ndilo twataka kulifafanua vizuri, kwani wako wadhanio kwamba nguo au sakafu haijatahirika mpaka inuke dawa. Tahara katika dini yetu ni ya maji. Bibi Khaula binti Yasar alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nguo yake moja iliyoingia damu ya hedhi na alama yake isitoke, naye akamfahamisha kwamba maji yamtosha na alama iliyobaki haimdhuru. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, rangi peke yake, au harufu peke yake, ikiwa ni taabu kuondoka baada ya kusuguliwa na kuoshwa, husamehewa. Basi Sheria haikumtaka mwanamke auze mapafu yake kwa weupe wa vigae. Atumiaye Jik kwa kuua vijidudu hakukatazwa. Naaitumie peke yake, kwa maji baridi, kwa kadiri iliyoandikwa katika chupa, na dirisha likiwa wazi.

Sasa turejee kwa muulizaji wetu. Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyepigwa jiwe la kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamjibu kwamba hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakemea kwa ukali, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akasema kwamba aliyekosa kujua dawa yake ni kuuliza. Zingatieni: watu wale walikuwa Masahaba, walikuwa wakimtakia mwenzao tahara, na nia yao haikuwa mbaya hata chembe.

Kwa hivyo kumtakia mtu mema hakumwondolei msemaji lawama ya kusema asilolijua. Yampasa bibi huyu kutubu, na katika toba yake ni kuwarudia wote aliowapelekea video ile, mmoja mmoja, awaambie kwamba ina madhara, na kisa cha mwanawe kiwe ndio ushahidi. Asione haya. Ama gharama za matibabu, twaona kwamba kwa hukumu hazimlazimu, kwa sababu aliyechanganya dawa ni mtu mzima mwenye akili zake, naye alitenda kwa mkono wake na hiari yake. Na Hadithi ya mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, kwamba atadhamini, yamhusu atibuye. Akitoa kwa wema wa jamaa, ni sadaka na kuunga ujamaa. Lakini yule wa mwanzo, aliyejifanya fundi mbele ya kamera apate kulipwa kwa wingi wa watazamaji, hatuoni kwamba udhuru wake ni kama wa mamake mdogo, kwani yeye amedanganya kwa ujira.

Na aliye nyumbani akivuta hewa hiyo, atoke mara moja penye upepo, aache ndoo pale pale, wala mtu asirudi ndani kuimwaga mpaka hewa itoke. Macho yakiingia dawa yaoshwe kwa maji yenye kupita kwa muda wa robo saa. Mtoto akinywa Jik au mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, maana kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda, na mafuta huingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye ili daktari aisome.