Maji ya Ngarambe na Maji ya Ubatizo

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeshajibu, "Milele na milele, amina." Hiyo "milele" ndiyo habari yetu ya leo.

Sisi wa Kilwa na Lindi tuna jirani aliyewahi kutoa ahadi nzito. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu dawa ya maji: risasi za Mjerumani zingegeuka maji, hawangekufa. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, vita ikaanza. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini imani ikasonga mbele. Tarehe 30 Agosti, mbele ya ngome ya Mahenge, wapiganaji waliokunywa maji yale walifyekwa kwa bunduki za rashasha.

Tusiwacheke, jamani. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa kiboko.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliitungia habari hiyo tamthilia, *Kinjeketile* (1969), naye alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Mtu huyo wa kubuni anaanza kuyaogopa maji yake mwenyewe. Anaona watu wanayategemea kuliko umoja wao. Halafu gerezani, Mjerumani anapotaka atamke kwamba maji ni uongo, anakataa, kwa sababu neno lile la uhuru sasa ni la watoto watakaokuja. Mimi nilibaki na swali: kumbe imani inaweza kuwa kweli na ahadi yake ikawa si kweli?

Sasa tazama maji yetu. Padre alipotumwagia hakuahidi kwamba hatutakufa. Paulo, Warumi sura ya 6, anasema kinyume kabisa: tuliobatizwa tulibatizwa katika kifo cha Kristo, tukazikwa naye. Maji ya Ngarambe yalikimbia kaburi. Haya ya kwetu yanaingia kaburini kwanza, na uzima unatokea ng'ambo ya pili.

Lakini wengi wetu tunayatumia kama ya Ngarambe. Bodaboda anafunga rozari kwenye usukani, kofia ngumu ameiacha nyumbani. Msichana anaambiwa aache dawa za hospitali, anywe maji ya upako tu. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta uzima! Inauma.

Na katika vita ileile ya 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, alitoka Kilwa kuelekea Peramiho akiwa na mabradha wawili na masista wawili. Wote watano walikuwa wamebatizwa, na bila shaka walisali njiani. Tarehe 14 Agosti, karibu na Liwale, waliuawa kwa mikuki. Maji yao hayakuzuia hata mkuki mmoja.

Ilikuwa mkesha wa sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni.