Mtani na Mwenye Dharau

Liko swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni hili: mtu akikifanyia mzaha kitu kilichoachwa na wazee wake, je, amekidharau? Wengi hujibu haraka. Vijana husema hapana, wazee husema ndiyo, na kila upande huondoka ukidhani umeshinda. Mimi naona jibu halimo katika umri wa anayejibu, wala halimo katika mzaha wenyewe. Ili tulitafute, namwomba msomaji anifuate mpaka Marekani, kwenye santuri moja iliyotoka mwaka 1971, ambayo hata leo wanaoisikiliza hawajaafikiana juu yake.

Santuri hiyo huitwa Aereo-Plain, nayo ni kazi ya John Hartford. Jina lake tu ni mchezo, maana neno la ndege halikuandikwa humo kama liandikwavyo katika kamusi za Kiingereza. Muziki wake ni wa aina iitwayo blugrasi: banjo, fidla, mandolini, gitaa na besi, bila ngoma. Jina hilo lilitokana na kundi la Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Ni muziki wenye adabu zake. Wapigaji wa zamani walipanda jukwaani na suti na kofia, nywele zimekatwa vizuri, wakaimba habari za kanisa, za mama, za nyumba iliyoachwa mlimani na za mapenzi yaliyokwisha vibaya.

Hartford alikuja na nywele ndefu na ndevu. Santuri yake inaanza na kumalizika kwa wimbo ule ule mmoja wa dini, wa Albert Brumley, lakini baina ya mwanzo na mwisho mambo hubadilika. Umo wimbo unaowaza ndege iendeshwayo kwa mvuke kama meli za mtoni. Umo mwingine unaozungumzia namna wimbo wenyewe ulivyotungwa. Umo na mwingine ambamo mwimbaji anakoroma na kunguruma, na msikilizaji asijue acheke au azime.

Nimeisikiliza santuri hii pamoja na watu wa kila namna, na maoni yao yamenifunza kuliko nilivyotazamia. Rafiki yangu mmoja, mzee aliyefundisha kwaya miaka mingi, aliisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema, “Huyu bwana ana mikono ya dhahabu na mdomo wa mtoto.” Hakuweza kuelewa kwa nini mtu aliyejaliwa ufundi kama ule aupoteze kwa masihara. Kijana mmoja wa ukoo wetu alipenda kinyume chake: alicheka kwenye nyimbo za upuuzi, na banjo akaiona ni kelele tu. Wapo na wa tatu, ambao aghalabu ni wapigaji wenyewe. Hao huiheshimu kwa sababu ya watoto iliyowazaa. Mwaka ule ule wa 1971 Sam Bush na wenzake waliunda kundi la New Grass Revival, na tawi zima la blugrasi mpya huihesabu santuri ya Hartford kuwa miongoni mwa mizizi yake. Hata hivyo ilipotoka haikununuliwa sana.

Wanaoitetea huwa na hoja moja kubwa, nayo ni ya kweli. Husema kwamba hicho kiitwacho asili hakikuwa kizee kama kinavyodhaniwa. Earl Scruggs alijiunga na Bill Monroe mwishoni mwa mwaka 1945, akaleta mtindo wake wa kupiga banjo kwa vidole vitatu, na hapo ndipo blugrasi tuijuayo ilipopata sura yake. Kutoka 1945 hadi 1971 ni miaka 26 tu. Wengi waliokuwa wakiulinda muziki ule dhidi ya vijana walikuwa wameuzidi umri! Na banjo yenyewe haikuota Kentucky. Ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani. Béla Fleck, aliyepiga banjo katika New Grass Revival toka 1981 hadi 1989, aliifuata asili hiyo mwaka 2005, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga pamoja na wenyeji, miongoni mwao Anania Ngoliga, bingwa wetu wa ilimba. Filamu ya safari ile ilipewa jina la Kiingereza lililotokana na maana ya Bagamoyo.

Hoja hiyo naikubali, lakini siikubali mpaka mwisho wake. Maana wako wanaotoka hapo wakasema: basi, kwa kuwa kila cha kale kilikuwa kipya siku moja, hakuna kinachostahili kulindwa, kila mtu achezee apendacho. Hilo silifuati. Nyumba ya babu nayo ilikuwa mpya siku moja, lakini hilo halimpi mpita njia ruhusa ya kung'oa milango yake. Yule mzee wa kwaya hakuwa mpumbavu. Alijua kwamba sauti nne haziimbwi vizuri bila watu kufika mazoezini, kunyamaza na kusikilizana, na kwamba mzaha mmoja wa mtu asiyejali huweza kuyavunja yote hayo jioni moja.

Basi twende kwenye jambo tunalolijua sisi wenyewe, nalo ni utani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Hufika msibani akamwigiza marehemu, akachekesha waliokuwa wakilia, akazuia jeneza na kudai alipwe kwanza. Mgeni asiyejua atasema huu ni utovu wa adabu. Lakini mwenyeji anajua kwamba mtani huyo huyo ameshika jembe kaburini na amebeba maji jikoni, na kwamba asingefika watu wangeuliza yuko wapi. Kicheko chake kina haki kwa sababu kazi yake ipo. Mtu baki akifika msibani akacheka bila kushika jembe, huyo hafukuzwi kwa kucheka. Hufukuzwa kwa kuwa hakuja kuzika.

Kwa kipimo hiki naitazama tena santuri ya Hartford. Katikati ya mizaha yake umo wimbo juu ya Grand Ole Opry, yaani onyesho la redio la Nashville lililokuwa kama msikiti mkuu wa muziki ule, na lililofanyika miaka mingi katika jengo la kale la Ryman. Wimbo unaomboleza kuondoka kwa onyesho lile katika nyumba yake ya zamani. Na kweli, mwaka 1974 Opry ilihamia jengo jipya nje ya mji, ndani ya bustani ya starehe. Jambo hili hunishangaza kila nikilifikiri. Waliohama walikuwa wenye onyesho lao, watu wa suti na nywele fupi. Aliyeililia nyumba ya wazee alikuwa yule mwenye ndevu, mwenye kukoroma katika nyimbo.

Tena hakulia kwa maneno tu. Kwenye santuri ile fidla aliipiga Vassar Clements, aliyewahi kumpigia Bill Monroe mwenyewe, na besi ilishikwa na Randy Scruggs, mwana wa Earl. Santuri ya Hartford ya mwaka 1976, Mark Twang, ilipata tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa jadi. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuzifuatilia nyimbo za Ed Haley, mpiga fidla kipofu wa milimani, nyimbo ambazo zingeweza kupotea kabisa. Na mwezi wa Mei mwaka 2000, muziki wa kale wa milimani ulipopewa usiku wake katika jengo lile lile la Ryman, aliyesimama kuwatambulisha waimbaji alikuwa Hartford, naye tayari akiugua saratani. Alifariki Juni 2001. Huyo alikuwa mtani wa kweli, maana siku ya jembe alionekana.

Kwa nini nayasema haya kwa watu ambao huenda hawajapata kuisikia banjo? Kwa sababu kila nyumba ina Hartford wake, na kila nyumba ina mzee wa kwaya. Nimeona vijana hodari wakitolewa katika vikundi vya nyimbo kwa sababu walicheka mahali ambapo haikuzoeleka kuchekwa. Waliondoka na vipaji vyao, na kikundi kikabaki na adabu yake pamoja na waimbaji sita. Nimeona pia vijana wanaojiita wabunifu, ambao hawakuwahi kujifunza hata ubeti mmoja wa kile wanachokicheka. Hasara ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, lakini zote mbili ni hasara, na sheria ya kukataza kicheko haiponyi hata moja.

Kwa hiyo mimi, nikimsikia kijana anautania wimbo wa ujana wangu, simuulizi kwa nini anacheka. Namwomba auimbe kwanza wote, toka mwanzo mpaka mwisho. Akiuweza, namsogezea kiti.