Ushahidi wa Mkono

Watoto wa Kiislamu wa pwani yetu hufundishwa tangu chuoni kwamba ipo siku ambayo vinywa vitafumbwa, na mikono, ambayo duniani ilikuwa ya kutumwa tu, itapewa ulimi wa kumshuhudia mwenyewe. Nililichukua jambo hili kuwa la akhera peke yake, mpaka nilipojifunza namna matabibu wa ubongo wanavyousikiliza mkono wa mgonjwa katika dunia hii hii, na namna kompyuta ilivyotiwa kati yao ikawa mkalimani.

Jaribio lenyewe ni jepesi hata mtu huweza kulidharau. Mgonjwa hupewa karatasi tupu, akaambiwa achore uso wa saa, atie tarakimu zote, kisha aweke akrabu zionyeshe wakati ambao Wazungu huuita kumi na moja na dakika kumi. Wakati huo haukuchaguliwa ovyo: akrabu moja huangukia kushoto na ya pili kulia, na lile neno kumi humvuta mwenye fahamu dhaifu aielekeze akrabu ndefu kwenye 10, ilhali mahali pake ni 2. Aliyepatwa na kiharusi katika upande wa kulia wa ubongo huenda akazisonga tarakimu zote kumi na mbili kulia, akauacha upande wa kushoto mtupu, wala asihisi kuwa kuna kilichopungua. Mwenye maradhi aliyoyaeleza tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, naye, akiandika huenda akaanza mstari kwa herufi za kawaida na kuumaliza kwa herufi ndogo kama chawa.

Kwa muda mrefu tabibu alihukumu kwa picha iliyokwisha kuchorwa, na picha ni maiti ya tendo. Ndipo Dana Penney wa hospitali ya Lahey na Randall Davis wa chuo cha MIT, huko Massachusetts, Marekani, wakaitumia kalamu yenye kamera ndogo ndani yake, ambayo hujua mara 80 kwa kila sekunde iko wapi juu ya karatasi. Kalamu hiyo huandika kwa wino kama nyingine yoyote, lakini pia huweka kumbukumbu ya yale yasiyoacha wino: muda ambao mkono ulisita kabla ya akrabu ya kwanza, mahali uliporudi nyuma, nafasi kati ya mstari na mstari. Watu wawili waweza kutoa saa mbili zisizo na kasoro, mmoja kwa wepesi, mwenziwe kwa jitihada ya mtu apandaye ngazi kwa mguu mbovu. Karatasi haitawatenga, kalamu itawatenga.

Hapa ndipo pananitatiza. Kalamu inapoinuliwa hapana tendo, na pasipo tendo hesabu ya nini? Mwenye kusahau husita. Mwenye kutafakari husita. Mjane aliyekumbushwa saa ya ukutani ya marehemu mumewe husita vile vile, na muda wa wote watatu ukipimwa huenda ukawa mmoja. Mtambo wa kompyuta unaozisoma kumbukumbu za kalamu umefunzwa kwa michoro zaidi ya 2,000 ya watu waliomtangulia mgonjwa, ukajua anafanana na nani. Lakini kufanana si nafsi, na ushahidi, hata ukiwa wa kweli, si hukumu. Kadhi huuliza shahidi alisimama wapi na aliona kwa mwanga gani kabla ya kuuliza aliona nini. Kwa insafu niseme kwamba Cynthia Rudin na wenziwe, walioshiriki katika kazi hiyo, hawakuridhika na mtambo usioeleza sababu zake. Walitafuta kanuni fupi ambazo tabibu aweza kuzisoma na kuzijumlisha mwenyewe, hata kama kwa kufanya hivyo wangepoteza sehemu ya usahihi. Nawasifu kwa hilo kuliko kwa kalamu.

Lakini shahidi huyu aliapishwa kwa lugha gani? Sisi, akrabu fupi ikielekea 11, twasema saa tano. Mswahili mzima wa akili akitakiwa aonyeshe saa tano na dakika kumi, hushinda mitego miwili palipowekwa mmoja, kwani lazima aielekeze 5 aliyoisikia kwenye 11, na 10 aliyoisikia kwenye 2. Na akitafsiriwa neno kwa neno, akaambiwa saa kumi na moja na dakika kumi, ataiweka akrabu fupi kwenye 5 kama alivyolelewa, na mtambo utaandika kwamba amepotea.

Namfikiri mzee wa Pate aliyeandika barua zake zote kwa hati ya Kiarabu, mkono ukitoka kuume kwenda kushoto, na ambaye siku yake hugawanywa na adhana. Amechora duara, ametia tarakimu, ameinua kalamu. Sekunde zinapita na zote zinahesabiwa. Huenda wakati umemtoka kichwani. Huenda anajiuliza atakiwa aonyeshe saa ya nani. Aliyeketi mbele yake, akiwa Mswahili, atainama na kumwuliza, "Mzee, wangoja nini?"