Je, Mvua Huua?

Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mjini Mbale, na watu wengi wakapoteza maisha. Ikasemwa, “Mvua imeua.” Kwa sarufi, sentensi hiyo haina kosa: mvua ndiyo kiima. Kwa maadili, haitoshi. Kwani mvua haina hiari, na asiye na hiari hana hatia.

Hiari anayo mwanadamu: afyekaye miti ya Mlima Elgon, ajengaye bondeni, na mwenye mamlaka anyamazaye. Lakini hiari zao hazilingani. Maskini hujenga kando ya mto kwa kuwa kwingine hapamudu. Mwenye mamlaka aweza kukataza na kumtafutia mahali pengine. Wala kutojua si udhuru. Kimo cha Ziwa Viktoria hupimwa Jinja tangu zama za ukoloni. Maji yalipowahamisha wakazi wa ukingoni mwaka 2020, yalirudi yalikopata kufika mwaka 1964.

Basi lawama na ipimwe kwa upana wa hiari na ujuzi wa mtu. Nasi walimu, tufundishapo kiima, tumwulize mwanafunzi: mtenda hasa ni nani?